Waridi Lililokula Samaki

Kabula,

Salamu naziacha, maana tangu saa nane mchana mimi na wewe hatusalimiani. Umebamiza geti, umekwenda kulala kwa shangazi yako Mabatini, na mabegi yako umeyaacha sebuleni kana kwamba mimi ni mlinzi wa mizigo. Alfajiri utakuja kuyachukua. Barua hii utaikuta imefungwa kwenye mkanda wa begi kubwa. Isome kabla hujatoka mlangoni, au angalau kabla basi halijafika Usagara. Ningeweza kukutumia meseji, lakini meseji utaifuta kabla hujafika katikati, na mimi nataka ufike katikati.

Mambo ya kuzima gesi, kuchemsha maji na kufunga mlango siyaandiki. Kama hujayajua kwa miaka ishirini na nne, karatasi haitakufundisha.

Nimekasirika. Nasema mapema ili usihangaike kutafuta mahali nilipolainika. Mpaka sasa, saa moja jioni, sijalainika.

Tuanze na maua yako. Uliponionyesha picha ya balkoni ya ile nyumba uliyopanga Dodoma nilikuuliza swali moja la kiutu uzima, kwamba jua linaingia saa ngapi na linatoka saa ngapi. Ukanijibu, "Mama, Dodoma jua lipo tu." Dodoma jua lipo, hakuna anayebisha. Mimi niliuliza kama lipo kwenye balkoni yako. Ikabidi nikulazimishe umpigie mwenye nyumba, akasema linaingia asubuhi mpaka saa tano na nusu, halafu ghorofa la jirani linalikinga mpaka kesho yake. Hapo ndipo nilipojua cha kukupa. Nikakwambia usinunue kitu, nitakuandalia mwenyewe. Uliitikia huku unaangalia simu.

Leo saa saba unaingia na marozi mawili marefu, mekundu, ya kuunganishwa kwenye shina la waridi jingine, umeyanunua kwa sababu ya picha iliyoning'inizwa shingoni mwake. Mtoto wa muuza miche! Umelelewa katikati ya ndoo za waridi hapa Nyakato, umevaa sare ya shule iliyotokana na waridi, halafu unanunua ua kwa picha. Lile ua lina petali nyingi mno. Likikosa jua la kutosha halifunguki, linabaki limefumba kama ngumi mpaka linaoza. Shina lake likiona kivuli linarefuka kutafuta mwanga, upepo wa Dodoma utalilaza siku ya kwanza. Na majani yake ni laini, yanapata ule ugonjwa wa unga mweupe hata ukiyatazama vibaya. Kwa nusu kivuli unatafuta waridi fupi, lenye matawi mengi na maua madogo madogo ya petali chache, linalochanua kwa vishada na kurudia. Majani yawe mazito, yanayong'aa. Liwe limeoteshwa kwa kijiti likasimama kwa mizizi yake lenyewe. Rangi iwe nyeupe au ya waridi iliyopauka, ionekane jua likishaondoka, maana nyekundu kivulini inakuwa nyeusi. Unalipanda kwenye ndoo ya lita ishirini iliyotobolewa chini, udongo na samadi iliyokauka vizuri, maji asubuhi kwenye udongo na si kwenye majani. Ua likinyauka unalikata. Basi, hakuna kingine. Ni waridi lisilo na makuu, hata mtu anayerudi kazini amechoka analiweza.

Yale yako niliyaita takataka. Neno hilo nalirudisha nusu. Yataishi hapa uani kwenye jua la kutwa, yatachanua, lakini usidhani nitakutumia picha.

Hayo si yaliyonitoa machozi. Kilichonitoa machozi ni ulichosema umesimama pale mlangoni. Ulisema, "Mama, tangu nizaliwe hujawahi kukosea. Hata siku moja. Nitajie kosa lako moja tu, moja, halafu nitayarudisha haya maua dukani." Mimi nikanyamaza. Ukadhani nimeshindwa kulipata. Ukaondoka kifua mbele.

Nilikasirika, Kabula, kwa sababu nililipata pale pale. Halikuchukua hata sekunde. Nimelala nalo, nimeamka nalo tangu ukiwa tumboni, na wewe unalidai kama mtu anayedai chenji ya vocha.

Unamjua Perpetua. Unamjua kama mwizi, kwa sababu ndivyo nilivyokufundisha. Ulikuwa darasa la nne alipokuja hapa siku ya Jumamosi kutoka Misungwi, amebeba mfuko wa michembe. Nilimpokea mlangoni, hata kigoda sikumpa. Alipoondoka ulichukua kipande kimoja cha kiazi kikavu, kabla hujakitia mdomoni nikakukamata mkono. Nikakwambia yule mama aliiba kwa watu tulipokuwa tunafanya kazi pamoja, na vya mwizi haviliwi. Ulikitupa uani wewe mwenyewe, ukaenda kunawa. Nilikuona unanawa kwa sabuni.

Perpetua hajawahi kuiba kitu cha mtu yeyote.

Kabla hujazaliwa nilifanya kazi mjini, kwa bibi mmoja wa Kihindi aliyeitwa Bibi Shanta. Aliishi ghorofa ya pili juu ya duka la vifaa vya ujenzi la wanawe. Perpetua alikuwa mpishi pale, na ndiye aliyenitafutia nafasi nilipotoka kwetu Igombe, kijiji cha wavuvi, sina mbele wala nyuma. Mimi nilifagia, nilifua na nilitunza maua. Mawaridi ya Bibi Shanta yalikaa kwenye balkoni iliyopata jua la asubuhi tu, kama hiyo yako, kisha jengo la mbele linalifunika. Na hayakuwa ya urembo. Kila siku kabla ya chai Bibi alioga, akatoka na sahani yake ya shaba, akachuma maua machache, akayapeleka mbele ya picha za miungu yake na kusali. Siku ya kwanza tu alinikuta nimeinamia ua nalinusa. Akanieleza kwa upole kwamba maua ya sala hayanuswi. Ukinusa wewe kwanza, umempa Mungu makombo. Nyumba ile haikuingizwa nyama, samaki wala yai. Sisi tulikula maharage na mboga pale, mwenye hamu ya samaki alikula kwake. Sharti lilikuwa hilo moja, na tuliambiwa kabla ya kushika ufagio.

Yale mawaridi yalikuwa yanakufa. Bibi alikuwa amenunua mekundu, marefu, yenye petali nyingi. Sasa unaelewa kwa nini nilipiga kelele leo. Yalitoa matumba yakabaki yamefumba, majani yakaota unga, na kila asubuhi Bibi alirudi ndani na ua moja au mikono mitupu. Angekuwa mtu wa makelele ningevumilia. Alikuwa anatazama tu sahani yake, halafu anasema, "Basi, kesho." Mimi nikaona nimedharauliwa. Sikudharauliwa na mtu, lakini nilikuwa na kiburi tangu zamani, usidhani nimekipata uzeeni.

Igombe kila nyumba inajua kwamba maji ya kuoshea samaki hayamwagwi barabarani. Yanamwagwa kwenye shina la mpapai. Mama yangu alifukia vichwa vya samaki kwenye tuta la nyanya, na nyanya zake zilikuwa kubwa kuliko za jirani yeyote. Hiyo ndiyo elimu niliyokuja nayo mjini. Nikaanza kubeba maji ya dagaa kwenye kidumu kidogo. Kisha nikaongeza mapanki, ile mifupa na vichwa vya sangara vinavyobaki viwandani minofu ikishaondolewa. Niliviponda nyumbani, nikavifunga kwenye mfuko, nikavifukia kwenye vile vyungu vya maua asubuhi sana, Bibi akiwa anaoga.

Perpetua alinusa kidumu changu wiki ya kwanza. Akanivutia jikoni. "We Milembe, hayo maua yanaenda kwa miungu ya watu," akasema. "Acha hayo mambo, kabla hujatuponza." Nikamjibu kwamba ua ni ua, mzizi ukishakula hakuna samaki tena. Ungenisikia ungeona aibu. Nilijibu kama mtu aliyekwenda shule ya kilimo.

Na mawaridi yakakubali. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, kwamba yalikubali. Majani yakawa meusi kwa afya, matawi yakatoka upya, na hata yale mekundu yasiyofaa yakalazimika kufunguka. Bibi Shanta alijaza sahani. Aliwaita jamaa zake waje waone balkoni, akaniita mbele yao, akasema mkono wangu una baraka. Nilisimama pale nimeinamisha kichwa kwa adabu, na moyoni nilikuwa nacheka kwa furaha. Mwezi mzima yule mama asiyegusa hata yai alikuwa anapeleka mbele ya Mungu wake maua yaliyonona kwa sangara, na mimi nikiwa najisifu.

Paka ndio waliotoboa siri. Waliparamia bomba la maji ya mvua, wakafukua. Asubuhi moja Bibi alitoka na sahani yake akakuta udongo umetapakaa, na juu ya vigae kichwa cha samaki kisichopondeka vizuri kimetazama juu. Sahani ikaanguka. Nilisikia ile sauti ya shaba nikiwa chumbani natandika, nikajua.

Alituita wote wawili. Hakufoka. Alijifunika mdomo kwa ncha ya sari yake. Akauliza, "Nani ameweka hii?" Ni maneno hayo tu. Alimtazama Perpetua kwanza, kwa sababu Perpetua aliwahi kukutwa na dagaa waliokaangwa kwenye mkoba wake, akaonywa. Perpetua akanitazama mimi. Mimi nikatazama vigae.

Nilikuwa na mimba yako ya miezi mitano. Sikuandikii hilo liwe kisingizio, na ukilitumia kunitetea nitakasirika upya. Nililiwaza hilo baadaye. Pale pale niliwaza kitu kimoja: kwamba nikisema, ule mkono wenye baraka utakuwa si wangu tena. Sikuogopa kukosa kazi kama nilivyoogopa kukosa sifa. Nikanyamaza. Bibi akauliza mara ya pili, bado anamtazama Perpetua, na Perpetua akasema, "Nisamehe, mama."

Hakusema ni yeye. Alisema nisamehe. Bibi alisikia alichotaka kusikia.

Alipewa haki yake yote, akaambiwa aende. Nilimfuata mpaka kwenye ngazi, sijui nilikuwa nakwenda kusema nini. Akageuka na mkoba wake begani. "Nimenyamaza kwa ajili ya huyo mtoto, si kwa ajili yako," akasema. "Nilidhani utasema mwenyewe." Akasubiri. Kabula, alisubiri pale kwenye ngazi, aliweka mkoba chini. Mimi nikamwambia nimeacha pasi kwenye umeme, nikapanda juu.

Kwa hiyo sasa unajua ulitupa viazi vya nani.

Bibi Shanta alimwaga vyungu vyote, udongo na mizizi na kila kitu. Alifunga siku kadhaa, hakula. Halafu akaniambia mimi, mimi, nimchagulie mawaridi mapya, kwa sababu nilikuwa mwaminifu. Nilikaa pale miaka minne mingine. Nilijaribu aina hii na ile, nikapata lile fupi la maua madogo, nikajifunza kulikata, kuliotesha kwa kijiti, kulilisha samadi ya ng'ombe tu. Kila ninachojua kuhusu waridi la kivulini nilikijua nikiwa nimekalia nafasi ya mtu mwingine. Bibi alipohamia kwa mwanawe mkubwa ng'ambo aliniachia vijiti nibebe, akanishika kichwa akaniombea. Sikumwambia hata siku ile. Amekufa akiamini Perpetua ndiye aliyemchafulia sala. Nilipata habari za msiba wake nikiwa napogoa, nikaendelea kupogoa.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Waliosema hivyo hawajaitembea. Yangu ina miaka yote uliyo nayo, na ilikuwa na kona moja mbaya kuliko ngazi zile, nayo ni ile Jumamosi ya michembe. Perpetua hakuja kugombana. Alikuangalia ukicheza uani, akaniuliza, "Ndiye huyu?" Nikasema ndiye. Akatabasamu. Badala ya kuanguka miguuni kwake nilimchukia. Nilimchukia kwa kunyamaza kwake, kwa kuja kwake na chakula, kwa kunifanya nionekane nilivyo ndani ya nyumba yangu. Hasira ile niliitafutia pa kuiweka, nikaiweka kwako. Mtoto wa miaka kumi, nikakubebesha. Jina la mwizi nililitunga pale pale mlangoni, mfuko ukiwa bado na joto la mgongo wake.

Na nimekasirika na Bibi pia, ukitaka kujua yote. Kwa nini alimtazama Perpetua tu? Kwa nini mara ile ya pili hakunigeukia mimi? Najua hii ni hasira ya kijinga. Aliyekosewa ni yeye. Lakini nimeahidi kutokulainika, na mtu akikasirika kweli anawakasirikia hata wasiomkosea na wale aliowakosea yeye. Marehemu baba yako alikuwa akisema nina hasira za mtu anayedaiwa. Hakujua alichokuwa anakisema, na sikumwambia.

Mlangoni kuna ndoo mbili zenye mawaridi mafupi, tayari yana machipukizi. Nimeyaandaa tangu ulipopata barua ya kazi. Yametokana na vijiti vile vya balkoni ya Bibi Shanta. Ungeyabeba bila kujua, ungeyapenda, maana yatakukubali, na wageni wako wangekusifu. Mimi sikutaka usifiwe kama nilivyosifiwa. Sasa umeshajua, uyabebe au uyaache. Ukiyaacha nitakuelewa ingawa nitanuna.

Nilikulea kama mtu asiyekosea kwa sababu niliogopa ukianza kuvuta uzi mmoja utaufikia huu. Ndiyo maana kila kitu chako kilikuwa na makosa na changu hakikuwa nayo. Daftari lako, mapishi yako, yule kijana wa Misungwi uliyemleta mwaka juzi, ambaye nilimkataa kabla hajamaliza soda. Hakuwa na kosa. Kosa lake lilikuwa kutaja kwao. Nililisikia jina la Misungwi nikaona ngazi. Hilo nalo lihesabu, ulitaka moja, ninakupa na la nyongeza.

Mwezi uliopita mteja wa miche aliniambia Perpetua bado yuko Misungwi, anauza nyanya na mchicha kando ya barabara kuu, karibu na pale mabasi yanapopunguza mwendo. Tangu nisikie nimeshakwenda stendi ya Nyegezi mara mbili. Mara ya kwanza nilirudi nikisema mvua inakuja. Mara ya pili hata mvua haikuwepo.

Leo jioni, baada ya wewe kubamiza geti, nimekwenda mara ya tatu, nimekata tiketi ya basi lako. Kiti changu kiko nyuma karibu na mlango. Sitakuja kukaa karibu nawe, na si lazima unisalimie mbele ya watu. Sibebi waridi wala zawadi. Mtu niliyemfanyia yale hawezi kuletewa ua. Nitashuka, nitamwambia yaliyonishinda kwenye ngazi, na atakachonijibu ni chake. Akinimwagia nyanya zake barabarani, nitaziokota.

Lakini mimi najijua. Nitasafiri vizuri mpaka Usagara, halafu visingizio vitaanza. Nitasema kichwa kinauma. Nitasema nimeamua nikusindikize mpaka Shinyanga, ni mama, nina haki. Nitafumba macho nijifanye nimelala. Ndiyo sababu nimekuandikia, wala si kwa sababu nimekusamehe yale marozi. Nataka mtu mmoja ndani ya basi lile ajue ninapotakiwa kushuka.

Kwa hiyo basi likipunguza mwendo Misungwi ukaniona bado nimekaa, njoo nyuma uniamshe. Nikikwambia nimechoka, usikubali. Nikikukaripia mbele ya watu, kama unavyonijua, usiogope. Usinihurumie, Kabula. Mwambie konda asimamishe, nishike mkono, unishushe.

Mama yako,
Milembe